Damu Iliyovaa Jina Langu

Mimi naogopa sindano. Naliweka hili mbele ili lisije likachimbuliwa baadaye na watu wenye majembe yao. Kazi yangu ni damu. Nimeisomea miaka mitatu, nikapewa stashahada yenye muhuri, na kila siku ya kazi nashika damu za watu tangu asubuhi hadi saa kumi jioni. Za wengine hata zikimwagika mezani nafuta huku naongea. Ila sindano ikigeukia mkono wangu, magoti yanaachia kama kiti kilichochomolewa misumari.

Maabara yetu iko ghorofa ya pili, nyuma ya hospitali, juu ya chumba cha kufulia mashuka. Madirisha hayafunguliwi kwa sababu ya vumbi, kwa hiyo mchana kutwa tunasikiliza friji mbili zikinguruma na mashine ya kuhesabu seli ikimeza damu tone kwa tone. Mashine ndiyo bibi harusi wa chumba kile. Sisi wengine ni wapambe.

Utafiti wenyewe mtu yeyote anaweza kuuelewa. Mwilini kuna seli za kinga, askari wetu. Kati yao wapo wachache ambao kazi yao ni kuwatuliza wenzao, wasije wakapandisha hasira wakashambulia mwili wenyewe. Profesa, mwenye utafiti huu, anawaita kwa herufi za kigeni. Mimi nawaita wabembelezaji, maana ndicho wanachofanya: wanamkuta askari ameshika silaha, wanambembeleza mpaka analala. Kwa mtu mwenye afya ni wachache na wana faida. Kwa wagonjwa wetu wa saratani ya tumbo na utumbo tulikuwa tunawakuta wengi, na wakati askari wamelala, uvimbe unakula. Profesa alitaka kujua kama idadi yao kwenye damu inaweza kuonyesha ni mgonjwa yupi dawa mpya zitamfaa. Mwanzoni alinicheka kwa hilo neno langu. Mwezi wa pili nikamsikia analitumia kwenye simu.

Kila Jumatatu damu za wagonjwa zililetwa kutoka wodini. Pamoja nazo zilikuja damu za watu sita wenye afya, ili mashine iwe na cha kulinganisha. Sita hao walikuwa Profesa mwenyewe, nesi, madaktari wawili, dereva, na mimi. Nesi alitutoa damu kwenye chumba cha chini, akaandika jina la kila mtu kwenye chupa yake. Kisha karani wa kamati, asiyeruhusiwa kuzungumza nasi, alijifungia chumbani kwake na nakala ya orodha, akabandua majina, akabandika namba. Kila mtu alikuwa na namba moja kwa muda wote wa utafiti. Orodha yenyewe ya majina na namba, ambayo Profesa aliiandika mara moja tu siku ya kwanza, iliwekwa ndani ya bahasha ya kaki, ikagundishwa, na Profesa akapitisha sahihi yake juu ya mdomo wa bahasha. Isingefunguliwa mpaka mwisho.

Utaratibu huo una akili. Nikijua chupa hii ni ya mtu fulani, jicho langu litamuonea huruma au litamtafutia ugonjwa. Nilichojua mimi kilikuwa kifuniko tu: chekundu mgonjwa, cha bluu mwenye afya.

Jumatatu ya kwanza nilitoa damu yangu. Nilipoamka nilikuwa sakafuni, nesi ananipepea kwa faili.

"Dada, umenivunjia trei," akasema. "Na bado umetoa damu kidogo kuliko machozi."

Jumatatu ya pili sikufika hata kwenye kiti. Nilisimama mlangoni, jasho linanitiririka mgongoni, na nyuma yangu alikuwa Bi Madoa anapiga deki.

Bi Madoa ndiye aliyesafisha jengo letu lote. Mwanamke mrefu, mtu mzima, sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya barabara. Jina lilimpata kwa sababu hakuna doa lililomshinda, na kwa sababu aliwahi kumwambia Profesa mbele ya wageni, "Nyie mmesomea kupaka seli madoa ya rangi, mimi nimezaliwa najua kuyafuta. Msomi ni nani hapo?" Wageni walicheka mpaka wakavua miwani.

Aliegemeza mopu ukutani, akakunja mkono wa sare yake ya bluu.

"Nesi, toa hapa. Damu ni damu. Huyu mtoto atatufia kwa woga, halafu nani atakuja kulia na mama yake? Mimi. Na nina kazi."

Nesi akatazama mlango. Mimi nikatazama sakafu. Kubadilisha mtoaji kulihitaji fomu, na fomu zilihitaji kamati, na kamati ilikutana mara moja kwa mwezi. Nesi akaingiza sindano kwenye mkono wa Bi Madoa, chupa ikajaa, na juu yake akaandika jina langu.

Ilikuwa iwe mara moja tu. Zikawa Jumatatu kumi na tatu.

Likawa utani wetu sisi watatu. Bi Madoa akaniita Sindano. "Sindano, leo mimi ndiye mtaalamu wa maabara, kuanzia bega hadi kiwiko. Nipishe." Nilimletea chai ya maziwa na mkate baada ya kutolewa damu, yeye anakunywa chai na kurudisha mkate. Nilidhani ananihurumia. Tumbo limejaa, alikuwa anasema. Gesi tu.

Ningepaswa kusimama palepale aliposema gesi tu. Baba yangu alikuwa seremala na maneno yake ya miezi sita ya mwisho yalikuwa hayohayo. Mkanda wake ulipoanza kumpwaya aliutoboa tundu jipya kwa msumari na nyundo, akacheka kwamba anarudi ujana. Baadaye akatoboa la pili. Alipotoboa la tatu tulimpeleka hospitali, wakampasua, wakaona, wakamfunga. Utumbo mpana. Ndiyo maana nilisomea damu, na ndiyo maana ningetakiwa kuwa na masikio.

Jumatatu ya wiki ya kumi na nne, Profesa alinitaka nichore matokeo ya wale sita kwa mara ya kwanza. Mpaka hapo nilikuwa napokea namba na kuziingiza tu, namba mia mbili na kitu kwa siku, hazina sura. Nilitandaza karatasi ya miraba mezani, nikaweka nukta kwa penseli. Wabembelezaji wangapi kati ya seli mia. Watano walikuwa wamelala chini kwenye tano, sita, tano, sita, kama watu walioshikana mikono. Wa sita alikuwa namba ishirini na tatu.

Wiki ya kwanza, tano.

Wiki ya pili, kumi na moja. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na mbili. Kumi na tatu.

Nilihesabu upya nikidhani nimekosea mstari. Sikuwa nimekosea. Nukta moja chini, nyingine zote juu, kwenye kimo cha wagonjwa, kama mtu aliyeingia wodini kwa makosa akakuta kitanda chenye jina lake. Ni nini kilitokea kati ya wiki ya kwanza na ya pili? Duniani kote walikuwepo watu watatu waliojua, na mmoja wao alikuwa chini ya dirisha langu anakamua mopu.

Nikashika karatasi, nikaenda kwa Profesa.

Aliitazama kwa muda, miwani kwenye ncha ya pua. Mtu mkavu, msafi, haonei mtu na hapendelei mtu.

"Mashine ilifanyiwa matengenezo baada ya wiki ya kwanza," akasema. "Umesahau?"

"Sijasahau, Profesa. Lakini wengine haikuwasogeza."

"Iliwasogeza kidogo."

"Kidogo. Huyu imemrusha."

"Basi ana minyoo. Au mzio. Au chupa zake zilikaa juani. Wabembelezaji wako, binti, hupanda kwa mambo mia." Akanirudishia karatasi. "Sikiliza vizuri. Damu hii si kipimo cha saratani. Bado hatujui inasema nini, ndiyo maana tunaitafiti. Ukimwendea mtu na namba hii ukamtia hofu, halafu ikawa minyoo, utakuwa umemfanyia unyama."

Alikuwa sahihi. Hilo ndilo lililonitesa: kila neno lake lilikuwa sahihi.

"Na kama si minyoo?"

"Damu ya mtu mwenye afya haipandi maradufu ndani ya wiki moja. Namba hii ni chafu, inatuharibia. Kamati inakutana Ijumaa, nitapeleka fomu tuiondoe." Akaokota kalamu yake. "Na ikiondolewa, mstari wake kwenye orodha unakatwa bila kusomwa. Ndivyo tulivyosaini wote."

Bila kusomwa. Hata wangesoma, ingekuwaje? Wangekuta jina langu. Wangeniita mimi, wangenipima mimi, wangenikuta mzima kama ng'ombe, wangefunga faili. Na Bi Madoa angeendelea kupanda ngazi na ndoo yake. Hakuna karatasi hata moja hospitali nzima iliyosema damu ile ni yake.

Nilifungua mdomo niseme. Niliyaona maneno yamejipanga: Profesa, ile si damu yangu. Nikaona pia koti langu jeupe limening'inizwa msumarini bila mwenyewe, nikamuona mama yangu anawaeleza majirani.

"Sawa, Profesa," nikasema.

Jumanne nilimkuta Bi Madoa ameketi kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, mopu imelala mapajani. Sijawahi kumuona ameketi saa za kazi. Sketi ya sare alikuwa ameifunga kiunoni kwa pini. Nikahesabu pini. Zilikuwa tatu.

"Mama, unakula?"

"Sindano, siku hizi umekuwa mpishi?"

"Nakuuliza kweli. Umepungua."

"Nimepungua nini! Sare za siku hizi zinalegea zikifuliwa. Kitambaa cha ovyo."

Nikakaa ngazi moja chini yake. "Choo je? Kinatoka vizuri?"

Alicheka mpaka akashika bomba la ngazi. "Mungu wangu! Tangu lini mtu mzima akaulizwa habari za choo chake ngazini? Huna adabu, mwanangu. Subiri nimkute mama yako."

"Kina damu?"

Kicheko kikakatika.

"Bawasiri," akasema, huku anakwangua kitu kisichokuwepo kwenye mpini wa mopu. "Nilizipata kwa mtoto wa mwisho. Zinakuja, zinaenda."

"Nenda ukapimwe kwa ile kamera ya utumbo."

"Unadhani sijaenda? Huu mwezi wa pili. Dada wa dirishani kaniambia foleni ni ndefu, nirudi mwakani, labda daktari aandike kwamba ni haraka. Sasa mimi nani ataniandikia? Mopu?" Akainuka kwa awamu mbili, mkono ukutani. "Ondoka kwenye ngazi yangu, nimeshaipiga deki."

Mkuu wa chumba cha kamera alikuwa Profesa. Sahihi yake moja tu. Ningeweza kumwendea palepale nikamwomba kwa ajili ya mfanyakazi wa usafi mwenye bawasiri, na angejibu kwa upole kwamba wenye bawasiri mjini ni wengi. Kilichomtofautisha Bi Madoa na wote hao ni zile nukta kumi na tatu. Nazo zilikuwa na jina langu, au la dereva, au la nesi. Nilikuwa sijui. Nilikuwa najua. Tumbo lilijua, karatasi haikujua, na tumbo halipelekwi kwenye kamati.

Niseme ukweli wote. Sikuitafuta bahasha kwa ujasiri. Niliitafuta kwa woga. Nilitumaini kwamba nikiifungua nitakuta ishirini na tatu ni mtu mwingine, nitaigundisha tena, nitanyamaza, na kazi yangu itabaki mahali pake.

Jumatano saa saba mchana Profesa alikuwa anafundisha. Bi Madoa ndiye aliyekuwa na ufunguo wa ofisi yake, na saa hiyo aliiacha wazi kila wiki ili sakafu ikauke. Nilipita pembeni ya ndoo. Viatu vikaacha alama kwenye unyevu, nami nikaziona, nikaendelea.

Droo haikuwa na kufuli. Ilikuwa imefungwa na heshima yetu tu. Bahasha ilikuwa juu ya kila kitu, sahihi ya Profesa imekaa juu ya mdomo wake. Niliingiza kidole chini ya gundi, nikavuta, sahihi ikachanika katikati.

Liwe la dereva, nikaomba. Dereva ana watoto wanne, hunipa lifti siku za mvua, hajawahi kunikosea. Niliomba liwe lake. Sina njia nzuri ya kuliandika hilo.

Kidole kikashuka. Kumi na tisa, dereva. Ishirini na moja, nesi. Ishirini na tatu.

Jina langu. Kwa mwandiko wake mzuri wa wino wa bluu, majina yangu yote matatu.

Na ingawa nilijua, ingawa niliijua habari yote kuliko aliyeiandika, mkono wangu ulikimbilia tumboni kwangu, ukaminya. Mwili hausomi. Uliona jina langu, ukaogopa.

"Sindano." Bi Madoa alikuwa mlangoni, kitambaa begani. "Unafanya nini kwenye droo ya mwenyewe?"

"Natafuta jina."

"La nani?"

"Langu."

"Umelipata?"

"Nimelipata." Sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtoto. "Lakini ni wewe, mama. Ile damu ya Jumatatu. Imekaa kama ya wagonjwa."

Aliniangalia. Niliona utani unakuja usoni mwake, unafika mdomoni, unageuka na kurudi. Akaingia kwa hatua fupi, akaketi kwenye kiti cha wageni. Kiti kile amekifuta vumbi miaka tisa. Hakuwahi kukikalia.

"Usinifiche. Ni ile ya baba yako?"

"Sijui. Kweli sijui. Damu hii haijui kusema hivyo. Inasema tu watu waende wakaangalie."

"Na ukinyamaza?"

"Ijumaa wanaifuta. Hakuna atakayejua."

"Na ukisema?"

"Watanifukuza. Pengine na nesi."

Akakunja kitambaa chake mara mbili, mara nne, kikawa kidogo kama sabuni.

"Basi nyamaza," akasema. "Gundisha hiyo kitu. Mimi nimeshakula chumvi nyingi, watoto wangu wana watoto. Wewe ndiyo kwanza unaanza. Nitanywa dawa ya minyoo, nitarudi dirishani mwakani. Sikia, mwanangu."

"Mama, hapo sikutii."

"Huna adabu."

"Sina."

Tukabaki hivyo, yeye kwenye kiti, mimi nimesimama na bahasha iliyochanika, tukisikiliza viatu kwenye korido.

Profesa alisimama mlangoni. Aliona alama za viatu, droo, bahasha, mwanamke kwenye kiti. Nikasema yote kwa pumzi moja, kuanzia trei iliyovunjika. Nilipofika kwenye Jumatatu kumi na tatu akashika fremu ya mlango.

"Kumi na tatu," akasema. "Umeniwekea damu ya mtu nisiyemjua, ambaye hajasaini, wiki kumi na tatu."

"Ndiyo, Profesa."

"Na hii?" Akainua bahasha kwa vidole viwili, kama panya. "Hii ilikuwa ya nini? Ungekuja ukaniambia. Ningeifungua mwenyewe, mbele ya shahidi, kwa utaratibu."

"Ungeifungua?"

Sijui angejibu nini, na nadhani naye hakujua, kwa sababu aliniacha palepale, akamgeukia Bi Madoa, akachuchumaa mbele ya kiti mpaka macho yao yakawa sawa.

"Bi mkubwa, choo kimebadilika tangu lini?"

"Nyie watu wa humu," akasema Bi Madoa, machozi yanamtoka, "mna nini na choo changu?"

Aliandika barua palepale, kwa wino uleule wa bluu. Juu yake akaandika HARAKA na kupiga mstari mara mbili. Kisha akasema bila kunitazama, "Wewe acha koti. Usikanyage maabara yangu mpaka kamati ikuite."

Kabla sijaondoka walihitaji jambo moja, kuthibitisha kwamba nimesema kweli: damu yangu halisi. Nesi alikuwa ananuna, naye alishaambiwa barua yake ya onyo inakuja. Bi Madoa alinishika mkono wa pili, akanibana mpaka mifupa ikalia. "Angalia dari. Hesabu vigae." Nilihesabu vigae kumi na vinne kabla ya giza kuingia machoni, lakini chupa ilijaa. Wabembelezaji watano kati ya mia. Yake, iliyotolewa kiti hichohicho siku hiyohiyo, ilikuwa kumi na tatu.

Jumatatu iliyofuata aliingia chumba cha kamera akiwaambia wahudumu wakikuta doa humo ndani wasiliguse, wamwite mwenyewe. Nilikaa kwenye benchi nje, saa moja na nusu. Alipotoka, Profesa ndiye aliyesema. Uvimbe ulikuwa kwenye utumbo mpana upande wa kushoto, mkubwa kiasi cha ndimu, bado haujaziba njia. Wiki mbili baadaye wakaukata. Waliondoa na matezi kumi na nane ya jirani, wakayapasua chini ya hadubini, wakakuta seli za saratani kwenye mawili.

Mawili. Siyo sifuri. Madaktari hawasemi amepona, wanasema tutaona. Sasa anatumia dawa za mshipa, mdomo una vidonda, mikono inawaka akigusa maji baridi, yeye ambaye maji ndiyo maisha yake. Nikienda kumtazama ananiuliza kama kuna aliyepiga deki ngazi zile. Namwambia ndiyo. Anasema muongo, naona kwa viatu vyako. Nikirudi nyumbani naogopa. Simu ikilia naogopa. Sijaacha kuogopa tangu ile karatasi ya miraba, na sitegemei kuacha.

Kamati iliniita mwezi uliopita. Watu watano, meza ndefu, kila mmoja na chupa yake ya maji. Profesa alikaa pembeni, hakuwa na kura. Mbele yangu waliweka barua iliyochapwa tayari, na kalamu juu yake. Nikisaini, nitapewa onyo la mwisho na koti langu. Nisiposaini, ndiyo basi.

Mwenyekiti, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, alimpa Profesa nafasi aseme hasara. Akasema bila chuki, na ndiyo maana iliuma. "Wagonjwa sitini na wawili walitoa damu wakiamini tutaitunza kwa uaminifu. Wengine wameshafariki, hawawezi kutoa tena. Sasa kila atakayesoma kazi hii atauliza: kama bahasha ilifunguliwa mara moja, nani anajua haikufunguliwa mara kumi? Pengine kuna dawa itachelewa kuwafikia watu kwa ajili ya hilo. Nao wana mama zao."

Ningependa kusema halikunigusa. Liliniingia mpaka chini. Wale wagonjwa nao nawaogopa, wananijia na vifuniko vyao vyekundu.

"Umeisoma barua?" mwenyekiti akauliza.

"Nimeisoma."

"Una la kusema kabla ya kusaini?"

Nikaikalia mikono yangu.

"Kwa zile Jumatatu kumi na tatu, naomba radhi. Kwa Profesa, kwa nesi, kwa wagonjwa wote sitini na wawili. Niliogopa sindano nikamtanguliza mtu mwingine, na nikaacha jina langu liandikwe kwenye damu isiyo yangu. Hilo ni kosa langu, nitasaini hata mara mbili. Na kwa Bi Madoa naomba radhi kwa siku nilizonyamaza, Jumatatu hadi Jumatano. Hizo hazimo kwenye barua yenu. Mngeziweka."

"Na bahasha?"

"Barua inasema najuta kuifungua."

"Ndiyo. Hiyo ndiyo sentensi ya pili."

"Imeandikwa vizuri, sina neno na lugha yake. Ila ni uongo. Sijuti."

Mmoja wao akakohoa. Profesa alikuwa anatazama mikono yake.

"Binti," mwenyekiti akasema, na nadhani alinitakia mema, "ni sentensi moja. Unaelewa kwamba bila sahihi hapa hurudi kazini? Si kwetu tu. Hii itakufuata."

"Naelewa."

"Chukua muda. Fikiri."

Nilifikiri. Nilifikiria pini tatu kwenye sketi ya bluu, na matundu matatu kwenye mkanda wa baba, na ngazi. Nilifikiria kwamba ningekuwa na moyo mzuri zaidi ningemwambia Profesa siku ileile ya Jumatatu, na pengine angeifungua kwa utaratibu, na pengine asingeifungua. Sikuwa na moyo huo. Nilikuwa na kidole na gundi. Nikaisukuma kalamu ikarudi upande wao wa meza.

"Kwa bahasha siombi radhi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Siombi."